MJADALA: Mwanafunzi wa uuguzi na ustawi wa jamii alipwe akiwa field, au aendelee kukopa ili akafanye kazi?

Mleta mada (mhitimu wa ustawi wa jamii, Dodoma)

Wadau, habari za mchana. Kila mwaka msimu wa field (mafunzo kwa vitendo) ukikaribia ni yale yale: wanafunzi wanazunguka na barua za kuomba nafasi, wazazi wanapigiwa simu za nauli, chuo kikifunguliwa kila mtu anasahau. Safari hii tujadili jambo hili kabla hawajasambaa mikoani.

Hoja yangu ni hii. Mwanafunzi wa shahada mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali hupewa 10,000 kwa siku ya mafunzo kwa vitendo, siku zisizozidi 56. Piga hesabu, ni 560,000 kwa ukomo wake, za chumba, chakula na nauli. Wengi tunaiita posho, lakini ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe.

Sasa tazama anachofanya huko. Kitengo cha ustawi wa jamii hospitalini ndicho kinachowahoji wagonjwa wasio na uwezo ili wapewe msamaha wa gharama za matibabu. Nilipofanyia mimi palikuwa na afisa mmoja. Field tulipoingia, foleni ilihamia kwetu. Sisi ndio tuliomsikiliza bibi aliyelazwa bila ndugu, tukampigia mtendaji wa mtaa wake, tukajaza fomu. Afisa akasoma na kusaini. Unaandika kwamba mtu fulani hana uwezo wa kulipia kitanda, na wewe mwenyewe umeshindia andazi na maji. Wenzangu waliopangiwa halmashauri walitembelea familia kwa bodaboda za mfukoni mwao, maana gari la idara lilikuwa na safari nyingine. (Gari la idara huwa na safari nyingine daima, hilo tuliache.)

Kwa hiyo kijana anakopa serikalini, anaitumikia hospitali ya serikali, kisha anairudishia serikali hela yake. Na huyo ndiye mwenye nafuu. Asiye na mkopo anategemea shangazi mwenye chumba cha ziada mjini.

Australia tangu tarehe 1 Julai 2025 wanawalipa wanafunzi wa uuguzi, ukunga, ustawi wa jamii na ualimu wakiwa kwenye mafunzo ya vitendo, ilianza na dola zao 331.65 kwa wiki. Kwanza wanaangalia kipato cha mwombaji, ila wakishampa hadaiwi. Najua mtasema sisi si Australia. Sawa, lakini niambieni kanuni yao ina kosa gani.

Mganga mstaafu

Field ni darasa. Umewahi kuona mtu analipwa kwa kukaa darasani? Sisi tulilala mabwenini bila hata chandarua na tukawa watu. Vijana wa siku hizi kila kitu hela.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Ila wakati wenu serikali ndiyo iliyowasomesha, mkala na kulala kwa gharama yake. Mambo ya kuchangia yalikuja miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi Julai 2005. Mlikuwa mnalipwa, ila hamkuona bili.

Inchaji wa wodi ya wazazi

Mleta mada, umeongea vizuri, lakini umeongea kama mwanafunzi. Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi, nipo upande unaowapokea. Siku nyingine zamu ina wauguzi wawili na wanafunzi wa vyuo vitatu tofauti, kila chuo na kitabu chake cha kusaini. Hapo nani anamsaidia nani? Wa mwaka wa pili siwezi kumwachia mama peke yake. Nimwonyeshe, nimsimamie, nikague alichoandika kwenye patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi), na mgonjwa wangu anasubiri. Wa mwaka wa mwisho, ndiyo, huyo ni mkono wa kazi kweli, nikimkosa usiku naumia. Kwa hiyo msiwaweke wote kapu moja.

Halafu idadi. Kila mwanafunzi ana idadi ya uzazi anayotakiwa aishiriki ndipo kitabu kikamilike. Chuo kikidahili maradufu, akina mama wanaojifungua hawaongezeki maradufu. Matokeo yake wanagombania mama mmoja, na wengine wanaomba nisaini ambacho hawajafanya. Sisaini. Lakini najua wapo wanaosaini.

Mkiilazimisha hospitali iwalipe, mganga mfawidhi atasema hana nafasi, basi. Ulizeni kwanza habari ya ada ambayo hospitali zinawatoza vyuo kwa kila mwanafunzi anayeletwa. Kwangu sijawahi kuiona ikishuka wodini, hata kwa sura ya boksi la glavu.

Mama wa watoto wawili, Mbagala

Mimi si mtu wa afya ila naomba nichangie. Mtoto wangu wa pili nilimzaa nimezungukwa na vijana kama kwenye mkutano. Mmoja anapima njia, anaondoka, mwingine naye anaambiwa apime. Hakuna aliyeniuliza kama naridhia. Mnabishana nani alipwe, na mimi ndiye kitabu chao.

Niseme na la haki: aliyekaa na mimi usiku ule, akanisugua mgongo na kunitafutia maji ya moto, alikuwa mwanafunzi. Wauguzi walikuwa na mama mwingine aliyekuwa anatoka damu. Kama yule binti hakulipwa hata nauli, mmemwonea.

Mchangiaji kutoka Kisumu

Nawasalimu, majirani. Naona mjadala huu ukienda mbele kidogo mtachanganya mwanafunzi na intern (daktari aliyehitimu aliye kwenye mwaka wa mazoezi), kama tulivyochanganya sisi. Mgomo wa madaktari wetu wa 2024, ulioanza katikati ya Machi ukaisha 8 Mei, ulihusu sana malipo ya intern: serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi, chama kikashikilia mkataba wa 2017 wenye takriban 206,000. Lakini hao wameshahitimu, wana chama, na wakitoka wodini kazi inasimama. Mwanafunzi wa atachimenti (field yenu) akigoma hana wa kumtetea, anarudia mwaka tu. Kwa hivyo hili lenu likisubiri wanafunzi wajipiganie, halitafika.

Mwanafunzi wa uuguzi, Uingereza

Huku ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi ilifutwa 2017, waombaji wakapungua, na 2020 serikali ikarudisha pauni 5,000 kwa mwaka zisizodaiwa. Ni saa 2,300 za vitendo kabla ya kusajiliwa, hazina mshahara. Wikiendi nahudumia wazee kwenye makao yao ndipo nilipe pango. Jumatatu alfajiri nipo wodini, nasinzia. Mgonjwa ndiye anayebeba usingizi wangu.

Mleta mada

Nimewasoma. Sisemi hospitali ya wilaya itoe mshahara. Hata hela ya mafuta ya jenereta inaitafuta. Ninachodai ni kwamba ile 10,000 isiwe deni kwa mwanafunzi anayepelekwa kituo cha umma, na wa stashahada naye aipate bila kujali kama ana mkopo. Mwajiri wa baadaye wa wengi wao ni serikali hiyo hiyo. Kama bajeti haitoshi, tuanze na wa mwaka wa mwisho, maana inchaji mwenyewe amekiri huyo anafanya kazi.

Suala la mama wa Mbagala halihitaji hata senti. Mgonjwa aulizwe, na akikataa isiandikwe kwamba ni mkorofi. Na chuo kabla ya kudahili kionyeshe kina nafasi ngapi wodini. Madawati mapya hayamfundishi mtu kuzalisha.

Dada inchaji, nikuulize. Ile ada ikilazimishwa kushuka wodini, ungependa ije kama posho ya anayesimamia wanafunzi, au kama vifaa?

Inchaji wa wodi ya wazazi

Glavu kwanza. Posho italeta ugomvi wa nani kasimamia nani, na wa zamu ya usiku watasahaulika kama kawaida. Glavu zikitosha, rudini tuongee posho.