Muuza taa, plagi kuingia si ushahidi kwamba kontrola inafaa kwa taa zangu

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, ila nitajitahidi kueleza jambo lenyewe kwa utaratibu ili wenye ujuzi wa umeme wanisahihishe nilipokosea, na wenye maduka ya taa wajue kwamba sasa tunasoma maandishi ya kwenye visanduku vyao.

Mimi ni mpambaji wa kumbi hapa Kigoma mjini, na Desemba ndiyo mwezi wangu wa mavuno. Nina kamba nne za taa za LED nyeupe, kila moja ina taa 100, na mvua za mwaka jana ziliniharibia visanduku vya kubadilisha staili ya kuwaka, vile ambavyo sisi wapambaji huviita kontrola. Taa zenyewe zilikuwa nzima. Nikaenda duka moja la vifaa vya umeme huku mtaani Mwanga, nikiwa nimebeba kamba moja pamoja na kisanduku chake kilichokufa, kusudi muuzaji asipate pa kukosea.

Hakukisoma kile kisanduku. Alishika ncha ya kamba yangu, akaisukuma kwenye kontrola mpya, ikaingia bila shida, akaniambia, "Mama, hizi zote zinaingiliana, chukua tu." Nikamwomba anijaribishie. Akaichomoa kamba yangu, akaunganisha kontrola ile na kamba yake iliyokuwa inaning'inia ukutani tangu asubuhi, ikawaka vizuri, ikapepesa, ikafifia na kurudi, nami nikaridhika nikalipia kontrola nne. Hapo kosa ni langu, nakiri: nilijaribishiwa kontrola yangu kwa taa za mtu mwingine.

Ukumbini, siku moja kabla ya harusi, nilichomeka kamba ya kwanza. Ilitoa mwanga mkali kama wa radi, mara moja tu, kisha giza na harufu ya plastiki iliyoungua. Nikadhani kamba hiyo ilikuwa na hitilafu yake, nikachomeka ya pili. Ikafanya vilevile. Ya tatu sikuthubutu, nikampigia simu mdogo wangu ambaye ni fundi umeme.

Alipofika hakugusa kitu kwanza, aliuliza tu, "Dada, hiki kisanduku cha zamani kimeandikwa nini?" Kimeandikwa volti 31 na wati 6, kwa herufi ambazo hata mimi nazisoma bila miwani. Kontrola mpya imeandikwa 220 hadi 240, ya kuingia na ya kutoka. Akanichorea kwenye karatasi, na tangu siku hiyo sijaacha kukasirika, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Taa moja nyeupe ya LED inahitaji takriban volti 3. Kamba iliyotengenezwa kwa umeme wa ukutani hupanga taa zake kwa kufuatana, tuseme 50 katika mstari mmoja, ambazo zinakula volti 150, na zinazobaki kati ya hizo na 230 za kwetu hubebwa na resista, kile kipande kinachozuia umeme uliozidi. Kamba yangu haikupangwa hivyo: ina vifungu vya taa kumi kumi, kila kifungu kinatosheka na volti 30 hivi, na vifungu vyote vinakaa sambamba, yaani kila kimoja kinapokea volti yote inayoingia. Ukiipa 230 umeipa zaidi ya mara saba ya inachokiweza.

Mbaya zaidi ni kwamba kontrola ile ya kwanza haina transfoma ndani yake, yaani kifaa cha kupunguza volti. Inachukua umeme wa ukutani, inaunyoosha kwa daiodi ili uende upande mmoja tu, inaukata na kuuachia kwa vipande vidogo vya kuwasha na kuzima, basi, kisha inaupeleka kwenye waya kwa nguvu ileile. Waya wa kamba yangu ulitengenezwa kwa volti 31, ganda lake ni jembamba, na kazi yangu ni kuuzungusha kwenye nguzo za chuma, kwenye meza ya maharusi na chini ya kitambaa ambacho watoto wanakivuta. Ningepotezaje usingizi kwa ajili ya fedha tu, wakati pale palikuwa na hatari ya mtu kupigwa na umeme?

Nilirudi dukani. Jibu nililopewa mnalijua nyote: kitu cha umeme kikishatoka dukani hakirudishwi. Akaniongezea kwamba taa zangu zilikuwa zimechoka. Kwa kuwa harusi ilikuwa kesho na duka jingine lenye bidhaa hiyo sikulipata, nikanunua kwake, kwa fedha nyingine kabisa, kontrola ya volti 31. Safari hii nilisoma mwenyewe. Nikachomeka kamba ya tatu, zikawaka taa 50, na 50 zikabaki giza, moja inawaka na jirani yake haiwaki, kamba nzima.

Mdogo wangu akakata nyaya mbili karibu na plagi, akazibadilishana, na zile zilizokuwa giza zikawaka huku zilizokuwa zinawaka zikizima. Kumbe kamba yangu ya nyaya mbili ina taa za aina mbili ndani yake, nusu zimeelekezwa huku na nusu zimegeuzwa, na ndiyo maana kontrola yake ya asili iliweza kuzipishanisha: ilikuwa inageuza mwelekeo wa mkondo mara nyingi kwa sekunde. Niliyouziwa inatoa mkondo mnyoofu wa upande mmoja, basi. Volti ni sawa, wati ni sawa, plagi ni ileile, na bado haifai.

Sitaki kuingia katika zile kamba za nyaya tatu, ambazo waya wa katikati hubeba maelekezo ya kila taa, wala zile za nyaya nne za rangi mbalimbali; mpambaji mwenzangu ameuziwa moja kwa kontrola ya nyingine na hadithi yake ataisimulia mwenyewe. Pia nimeona dukani humo kasha lililoandikwa volti 110, la soko la Marekani, limepangwa pamoja na mengine kana kwamba umeme wetu ni wa huko.

Nenda ufukweni Kibirizi jioni uwaangalie wavuvi wa dagaa wakiandaa taa zao. Hakuna anayeshika taa ya volti 12 akaiunganisha na betri yoyote atakayoikuta, na muuzaji atakayethubutu kumwambia mvuvi "zinaingiliana" atatukanwa kwa Kiha mpaka ajute. Sisi wapambaji tunaambiwa neno hilo kila siku na tunatoa fedha.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe thamani ya kamba mbili zilizoungua na ya kontrola zote tano, kwa sababu niliuziwa baada ya kuonyesha kisanduku cha zamani chenye maandishi yote yaliyohitajika. Na kontrola zilizobaki rafuni ziandikwe kwa kalamu ya wino, kwa Kiswahili, volti inayotoka, wati zisizopaswa kuzidishwa, idadi ya nyaya, na kama inageuza mkondo au haigeuzi.

Jina la duka sitalitaja, mwenyewe anajijua. Jumamosi asubuhi nitakuwa mlangoni kwake nikiwa na kamba ya nne, ambayo bado ni nzima, na mdogo wangu na mita yake. Kama anaamini kwamba zote zinaingiliana, aichomeke yeye kwenye zile kontrola za kwanza, mbele ya wateja wake, na aishike kwa mkono.