Bosi anataka kukata kibobakasi cha getini, na mimi nina wageni wangu humo. Naomba hoja

Mlinzi wa Mchana, Arusha

Wakuu habari za saa hizi. Nalinda nyumba moja huku Sekei, zamu ya mchana, saa 12 hadi saa 12, na huu ni mwaka wa tatu. Kibanda changu kimebanwa na miti miwili. Kushoto kuna mjakaranda, kulia kibobakasi, ule mti wa maua mekundu yanayotazama juu kama vikombe. Bila shaka wengi mmeshaminya vitumba vyake mkiwa watoto mkarushiana maji usoni.

Kazi ya geti anayeijua anaijua. Kuna siku gari linaingia mara moja, linatoka mara moja, basi. Nina daftari la wageni lenye safu zake: jina, anatoka wapi, anamwona nani, kaingia, katoka, sahihi. Mwaka jana nikaanza kuligeuza na kuandika kutokea nyuma, wageni wa juu. Ukurasa wa Jumanne unasomeka hivi: *Jina: Mkia Mrefu. Anatoka: upande wa mto. Anamwona nani: kibobakasi. Kaingia 12:50. Katoka 12:58. Sahihi: kwenye kioo cha gari la mama.*

Hiyo sahihi ndiyo imeleta balaa. Mama mwenye nyumba amechoka. Maua ya kibobakasi yakianguka yakapata maji yanateleza kuliko ganda la ndizi, na juzi dada wa kazi ameenda chini na ndoo yake. Gari likilala nje asubuhi ni kulifuta tu. Ameshaleta miche sita ya mitende ya mapambo, iko kwenye mifuko hapa pembeni, na fundi wa msumeno anakuja Jumamosi. Nilipojaribu kusema neno kuhusu ndege akanijibu: "Kijana wangu, si mjakaranda upo? Huoni ulivyofunika mpaka paa?"

Ni kweli umefunika. Oktoba hii ukisimama hapa chini ni zambarau juu na zambarau chini. Ila ndege hawauendi. Wiki iliyopita nilihesabu asubuhi moja, saa 12 na nusu hadi saa 3: kibobakasi kilipata wageni 31, mjakaranda wanne, na wawili kati ya hao walikuwa wanapumzika tu. Kwa nini mti wenye maua mengi kiasi hicho ususiwe?

Halafu nisaidieni majina. Mkia Mrefu ukimwona kivulini ni mweusi tii, jua likimpiga anawaka kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa jana, mdomo umepinda kama mundu. Anaandamana na mmoja wa kijani-kijani mwenye tumbo la njano lenye michirizi, hana mkia huo. Kuna na wa tatu anafanana na huyo wa njano ila kooni mweusi, kama mtoto aliyekula uji wa ulezi bila kitambaa. Hawa ni ndege watatu au ni ukoo mmoja? Na kuna kundi la kijivu lenye kishungi na mkia kama wa panya, linakula ua lenyewe, sio utamu wake.

Jambo la mwisho, sijui kama lina maana. Huyo wa njano siku tatu hizi anakuja kwenye taa ya geti, anadonoa utando wa buibui, anaondoka nao.

Mama Neema

Kaka pole na kazi. Mimi nitakuwa mkweli, niko upande wa bosi wako. Kibobakasi kina mbao laini, kikizeeka matawi yanavunjika kwa upepo tu. Kwetu Kijenge tawi limewahi kuangukia banda la kuku usiku, tukaamka na mabati yamekunjwa kama chapati. Ndege wana mabawa, watahamia kwa jirani. Wewe na dada mnaoteleza mtahamia wapi?

Guide wa Usa River

Mlinzi, heshima yako. Nimepeleka wageni wenye darubini za bei ya pikipiki ambao hawaandiki vizuri hivyo.

Hao watatu ni ukoo mmoja. Wanaitwa chozi, na huyo wako ni chozi wa rangi ya shaba. Jina lake la kisayansi ni *Nectarinia kilimensis*, yaani amebeba jina la Kilimanjaro. Dume ndiye mwenye mkia na kung'aa. Jike ni huyo wa njano. Mwenye koo jeusi ni dume changa, bado hajavaa suti. Ukiona mdogo zaidi, mgongo wa buluu-kijani na tumbo njano safi bila michirizi, huyo ni chozi mwingine, naye yuko tele Arusha.

Wa kijivu wenye mkia wa panya ni kuzumburu. Hao usiwape kiti, wanakula maua, vitumba, majani na matunda ya watu.

Kuhusu utando: jike anajenga! Kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia, mlango uko ubavuni, na utando wa buibui ndio gundi na kamba ya kushikia majani makavu. Dume hasaidii ujenzi, anaimba tu na kufukuza wenzake. Mfuate jike kwa macho akitoka kwenye taa, usisogee, atakuonyesha mwenyewe. Akishataga ni kama wiki mbili za kuatamia, kisha nyingine mbili hadi tatu makinda yakiwa ndani. Mwambie mama angalau msumeno usubiri.

Bwana Shamba Mstaafu, Moshi

Vijana, salaam. Nijibu la mjakaranda, maana limeulizwa vizuri na halijajibiwa.

Okota ua moja la mjakaranda chini hapo ulipo, lipasue kwa ukucha kwa urefu. Utakuta ndani kijiti kimoja chenye manyoya, kirefu kuliko vijiti vya chavua. Mdomo wa ua ni mpana, kidogo umelala, unamkaribisha nyuki aingie mwili mzima na atoke amejipaka chavua mgongoni. Ni ua la nyuki. Tazama saa 4 jua likikolea, utaona wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao wakiingia na kutoka. Mti wenyewe asili yake ni Amerika Kusini, pande za Argentina na Bolivia, ambako hakuna chozi hata mmoja. Chozi akija hapo mara nyingi ni mwizi: anatoboa kitako cha ua kwa nje, ananyonya, anaondoka bila kubeba chavua. Anafanya hivyohivyo kwenye haibiskasi.

Kibobakasi ni Mwafrika. Kikombe chake ni kikubwa, kimetazama juu, kina majimaji mengi, na lile fungu la vitumba katikati ni kama kiti: ndege anakaa, anainama, anakunywa. Maua yanafunguka kuanzia duara la nje kwenda ndani, kwa hiyo fungu moja linalisha siku nyingi. Ndiyo maana wako 31.

Mama Neema hajakosea kuhusu matawi. Nami nisingepanda kibobakasi juu ya nyumba. Lakini kati ya kupogoa na kukata kuna safari. Tawi linaloelekea kwenye gari liondoke, lililokauka liondoke, gari lisogezwe hatua sita. Mitende apande ukutani. Na kama siku moja lazima kibobakasi kiondoke, kwanza utangulie kupandwa mwamba-ngoma au mgrivilea, kisha ndipo msumeno. Mwamba-ngoma unapukutisha majani yote ndipo unawaka maua, na hapo chozi wanapigana. Mbegu zake nyekundu zina sumu, watoto wasichezee. Mgrivilea ni mgeni kutoka Australia, lakini maua yake ya dhahabu yana utamu kweli, na sisi wa migomba na kahawa tumeishi nao kwenye kihamba miaka yote. Mitende ya mapambo haina cha kumpa chozi. Labda buibui.

Mama Neema

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kupogoa nimekubali. Ila gari lisogezwe kweli, hayo maua yakikaukia kwenye rangi ni kazi.

Mlinzi wa Mchana, Arusha

Wakuu asanteni. Bwana Shamba shikamoo, nimepasua ua, kijiti chenye manyoya nimekiona. Nimewaonyesha na wenzangu wa mageti ya jirani, sasa wananiita profesa.

Jike nimemfuata kwa macho kama Guide alivyosema. Mara ya kwanza nikampoteza, bodaboda alipiga honi. Mara ya pili nikamwona anaingia. Na kiota hakiko kwenye kibobakasi hata kidogo! Kiko kwenye mjakaranda, tawi la chini, juu ya tangi la maji, usawa wa mimi kunyoosha mkono. Ukipita haraka unadhani ni takataka imenasa, majani makavu na uzi wa kiroba. Mti nilioudharau ndio nyumba, ule mwingine ni hoteli.

Mama nilimwambia Alhamisi jioni akirudi kazini. Hakunijibu. Akavua viatu vya ofisini, akavaa ndala, akaja kusimama nami chini ya tangi mpaka jike akatokeza mdomo kwenye ule mlango wa ubavuni. Kisha akaomba daftari. Nikampa upande wa mbele. Akaligeuza mwenyewe. Kumbe alikuwa ameshalisoma siku aliyokuwa anatafuta namba ya fundi bomba.

Fundi wa msumeno alikuja Jumamosi kama kawaida. Ameondoa matawi mawili, la juu ya gari na moja lililokuwa limeoza ndani kama bomba, hilo hata mimi sikulijua. Mama kasema mengine wataongea baada ya mvua za vuli. Gari linalala upande wa pili. Mitende bado iko kwenye mifuko, namwagilia kila asubuhi.

Leo Mkia Mrefu kaingia 12:47. Katoka sijui, hondohondo wawili walipita kwa kelele za mabawa yao, wote tukainua vichwa, na nilipogeuka hakuwepo. Safu ya katoka nimeiacha wazi.