Mjadala: Tathmini ya hatari za maafa Lamu ianzie baharini au visimani?

Mtoa hoja:
Kila yanapozungumzwa maafa ya asili katika kaunti ya Lamu, hoja inayotangulia ni ya ukuta: kwamba hatari yetu ni bahari, na kwamba fedha ziende kwanza katika kuinua kingo za pwani kutoka Mkomani hadi Langoni, mitaa ya mji wa Lamu. Naupinga mpangilio huo, ingawa sisemi bahari haina hatari. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoanzia Sumatra, iliua mamia ya watu kwa jirani zetu wa Somalia, ilhali Kenya ilipoteza mtu mmoja, na wapo wanaoichukua hesabu hiyo kuwa ushahidi wa usalama wetu. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo yalikuwa maji ya bamvua, yaani ya kujaa na kupwa kukubwa, na mawimbi yalitufikia mchana, bahari ikiwa haijajaa. Yangekuja karibu saa kumi alasiri, juu ya maji yaliyokwisha kujaa, tusingekuwa na hesabu hiyo. Anayehesabu waliokufa peke yao huihesabu na bahati yetu kana kwamba ni kinga.

Swali ninalotaka tuanze nalo ni jingine: ni kitu gani kikipotea hakirudi? Mji wa Lamu hunywa maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako mvua huchujwa na kukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji baridi ni mepesi zaidi. Vilima hivyo hivyo ndivyo vinavyopokea nguvu ya mawimbi upande wa bahari kuu. Kila jengo linalopandishwa juu yake, na kila kisima kinachovutwa kupita kiasi, huisogeza chumvi karibu na ndoo zetu hata katika mwaka usio na dhoruba yoyote. Ramani ya maafa inayoviweka vilima hivyo kama ardhi tupu imekosea kabla haijatumika.

Mchangiaji kutoka Kizingitini:
Ndugu yangu, kuhusu maji tuko pamoja, ila unazungumza kama mtu wa Amu, yaani wa kisiwa cha Lamu. Sisi wa Lamu Mashariki hatuna vilima vya Shela. Tuna majabia, yaani mabirika ya kukinga maji ya mvua, na mvua zikikosekana jabia hukauka, tukabaki kungoja maji ya kuletwa. Kwetu ukame ndio maafa yanayorudi, bali haupigi kelele kama wimbi. Huko bara nako mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliikata barabara ya kwenda Garsen. Wala bahari usiipunguze: kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, Idara ya Hali ya Hewa ilitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa, na mvuvi ambaye onyo halikumfikia hasaidiwi na ukuta wala na kilima.

Mtoa hoja:
Jabia na kilima ni hoja moja kwangu, kwa kuwa vyote ni akiba ya maji ambayo hakuna anayeiandika katika orodha ya mali zilizo hatarini. Tunapotofautiana ni katika nani afanye nini. Katiba ya 2010 imeigawa kazi ya kukabili maafa kati ya serikali kuu na kaunti. Onyo la kimbunga ni la taifa, lakini mipango ya ardhi na huduma ya maji ni ya kaunti, na kaunti haina sababu ya kuanza tathmini yake kwa jambo ambalo uamuzi wake mkubwa uko Nairobi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwetu, nayo hupunguza nguvu ya mawimbi bila tenda. Ukuta, kwa upande wake, mara nyingi huufanya mchanga ulio mbele yake uliwe na maji. Basi wanaotetea ukuta watueleze utalinda kisima kipi cha Shela, na jabia la kijiji gani.