Tupeane uzoefu: Uliyepasuliwa moyo, ulijiandaaje?

Mlinzi wa Zamu
Wakuu, heshima yenu. Nimepangiwa kubadilishiwa vali ya moyo, yaani ule mlango wa kupitishia damu, mwezi ujao. Habari za msumeno na mashine ya moyo na mapafu nimewaachia madaktari. Ninachotaka ni uzoefu wa kipindi hiki cha kusubiri: mwili mliuandaaje, na akili je? Kipi kiliwashtua mlipozinduka? Waliouguza nao wakaribie. Dua nazipokea kwa mikono miwili, ila ziambatane na maelezo.

Kigoda
Pole mkuu. Mimi nilipandikiziwa mishipa, ile ya kuchukua mshipa mguuni na kuuunganisha kwenye moyo. Anza na orodha ya dawa zako zote, mpaka mitishamba na vidonge vya maumivu unavyonunua mwenyewe. Dawa za kuzuia damu kuganda ziangalie sana: wafarini kwa kawaida husimamishwa siku kama 5 kabla, klopidogreli hivyohivyo, lakini aspirini wengi huambiwa waendelee nayo. Sasa usijiamulie kwa maneno yangu. Mwambie daktari akuandikie kila dawa na tarehe yake ya kuacha. Jirani yangu wa wodini aliahirishwa akiwa amekwisha oga kwa ile sabuni ya kuua vijidudu na kuvaa gauni, kwa sababu kuna kidonge alikuwa bado anameza na hakuna aliyemuuliza. Ile hali ya kujikaza halafu unaambiwa rudi nyumbani, simuombei mtu.

Mama Mapacha
Kama ni vali, umeshakwenda kwa daktari wa meno? Mimi nilipotumwa huko niliona wananizungusha tu. Kumbe vijidudu vya jino bovu vinaweza kuingia kwenye damu vikajikita kwenye vali mpya, na hapo matibabu yake ni mazito.

Jingine, uliza unawekewa vali ya aina gani na kwa nini. Ya chuma inadumu sana lakini wafarini ni ya maisha, na damu inapimwa mara kwa mara kuangalia inagandaje. Ya mnyama, ng'ombe au nguruwe, haikufungi kwenye wafarini maisha yote ila huchakaa, mara nyingi miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huwahi zaidi. Kwa sisi wanawake ambao bado tunazaa ni mjadala mrefu, maana wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mimi nina ya chuma. Usiku nyumba ikitulia inasikika tik tik, mume wangu anasema siku hizi bila mlio huo halali.

Mlinzi wa Zamu
Meno sikuwahi kufikiria, asante dada. Kuzinduka je? Hapo ndipo usingizi unaponikimbia.

Babu Ngalawa
Kijana, nikueleze bila kupamba. Unazinduka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ukiwa na mpira kooni unaokusaidia kupumua. Unasikia kila kitu na huwezi kutamka neno. Asiyeambiwa mapema anadhani anakabwa, anapambana nao. Kabla ya siku yangu nesi mmoja alinipeleka nikaione ICU, akanionyesha mpira wenyewe na ile mirija ya kifuani inayotoa damu, akasema, "Ukiamka, usishindane na mashine, iache ikupulizie." Maneno hayo niliyakumbuka palepale. Mimi na bibi yenu tulikuwa tumepatana ishara: kidole kimoja naumwa, viwili nina kiu. Omba nawe upelekwe ukaone, wakikubali.

Ambalo hawakuliweka wazi ni kuchanganyikiwa. Usiku ule niliona siafu darini, nikawatuhumu manesi kwamba wanataka figo yangu. Nilimwita mwanangu kwa jina la marehemu kaka yangu. Hutokea kwa wengi, hasa sisi wazee, na huisha. Waambie nyumbani mapema wasije wakadhani umerukwa na akili. Kama unavaa miwani au kifaa cha kusikia, uletewe mapema, vinasaidia sana kujua uko wapi.

Binti wa Pili
Mimi niliuguza baba. Wiki nzima kabla ya operesheni hakutaka kuizungumzia, ukiigusa anawasha redio. Jioni moja akanipa bahasha: namba za siri za benki, nani anamdai, nani anadaiwa. Nikaona ni wosia, nikakataa kuipokea. Akaniambia, "Shika tu, nikitoka utanirudishia, na usiisome." Kuanzia hapo alilala vizuri. Kwa hiyo mkuu, yanayokukereketa kichwani yaandike, mpe unayemwamini.

Kwa waliobaki nje: chagueni mtu mmoja wa kuongea na daktari na kupokea simu za ukoo. Na saa wanazokutajia zinaweza kurefuka bila kuwa na tatizo lolote. Sisi tulipopitiliza tulikuwa tumeshaanza kulia.

Kigoda
Niongeze: jizoeze tangu sasa kunyanyuka kitini na kitandani bila kujisukuma kwa mikono. Mfupa wa kidari walioukata unafungwa kwa waya na kuunga kwake ni wiki 6 mpaka 12. Kukohoa utalazimishwa ili mapafu yafunguke, basi unakumbatia mto kifuani, unakohoa. Na kama unavuta sigara, acha leo.

Mama Mapacha
Na ukirudi nyumbani ukajikuta unalia bila sababu, usiambiwe "jikaze, si umepona?" Huzuni baada ya upasuaji huu ni jambo linalojulikana. Ikiendelea wiki kadhaa, mwambie daktari kama unavyomwambia homa.

Mlinzi wa Zamu
Nimemsomea mke wangu yote, ameanza kubuni ishara zake, nyingine hazifai kuandikwa hapa. Swali dogo: nywele za kifua ninyoe mwenyewe kabla ya kwenda?

Babu Ngalawa
Usiguse! Wembe unachubua ngozi, na michubuko hiyo ndiyo mlango wa vijidudu. Wao wana mashine yao ya kupunguzia, watakunyoa hukohuko.