Hali nyama wala samaki, mbona kolesteroli iko juu?

Mwana_Langoni:
Assalaam aleikum. Mama yangu, miaka 52, hapa Lamu, hali nyama wala samaki. Chakula chake ni mbaazi za nazi, mchicha wa tui, wali wa nazi, na mahamri asubuhi. Vipimo: LDL (kolesteroli mbaya) 4.3, HDL (ile nzuri) 1.0, trigliseridi (mafuta mengine ya damu) 2.4 (mmol/L). Akianza kutembea tu, itashuka?

BiMaabara_Malindi:
Waaleikum salaam. Trigliseridi itashuka, HDL huenda ikapanda kidogo. LDL haitikisiki sana kwa miguu, hiyo ni kazi ya jikoni.

Nazi haina kolesteroli hata chembe. Ila mafuta yake karibu yote ni yaliyoshiba (saturated), yale yanayoganda kwenye baridi, na hayo hulifanya ini lilegee kuitoa LDL kwenye damu. Kikombe kimoja cha tui zito kina kama gramu 50 za mafuta hayo. Kwa anayekula kalori 2,000 kwa siku, Shirika la Afya Duniani linataka zisizidi 22 hivi. Na asijitetee mtu kwamba mafuta ya nazi huku hayagandi, kwa hivyo si yaliyoshiba! Yanaganda chini ya nyuzi 24, na Lamu baridi hiyo ni nadra.

UpawaNaKata:
Tui msilikate lote, chakula kitasuswa. Chemsha mbaazi ziive kabisa, ponda upawa mmoja urudishe sufuriani upate uzito, tia tui jepesi, kisha kasimile (tui zito la kwanza) vijiko viwili vya mezani mwishoni. Wengi huacha nazi wakahamia samli: hapo mafuta yaliyoshiba yamebaki, na kolesteroli imeongezeka juu yake. Mahamri yana tui ndani na mafuta nje, bora mkate wa mofa. Bamia, kunde na pojo (choroko) ziwe za kila siku. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka, gramu 5 hadi 10, hushusha LDL kama asilimia 5.

BiMaabara_Malindi:
Kahawa chungu ya dele je, anakunywa? Ikichemshwa bila kuchujwa hubaki na mafuta yake yanayopandisha LDL. Chujio la karatasi huyazuia, la chuma halifui dafu.

Kutembea: dakika 30 za mwendo wa haraka, siku 5 kwa wiki. Mjini hadi Shela, kama kilomita 3, inatosha. Apime tena baada ya wiki 8 hadi 12. LDL ikigoma, daktari aangalie tezi ya shingo (thyroid). Ikizembea, LDL hupanda. Kukoma hedhi nako huipandisha.

Mwana_Langoni:
Shukran sana. Na maji ya dafu?

UpawaNaKata:
Hayana mafuta ya kuhesabu, anywe. Kwa ile trigliseridi, tazama sukari ya chai na halwa.