Naomba ushauri: niibane Hibernate ifuate JPA tupu, au niache nyongeza zake?

Wakuu, habari za kazi. Tuna mfumo wa mikopo wa SACCOS, umeandikwa kwa Java, unatumia Hibernate 6 (maktaba inayounganisha Java na hifadhidata) na hifadhidata ya PostgreSQL. Hibernate inafuata JPA, kiwango cha pamoja cha Java cha kazi hiyo, ila ina na nyongeza zake. Bosi anataka tuwashe mpangilio wa `hibernate.jpa.compliance.query` ili maswali yote ya hifadhidata (query) yafuate JPQL tupu, yaani lugha ya maswali ya JPA, siku tukihamia EclipseLink, maktaba nyingine ya JPA, tusianze upya.

Hoja yake ina mashiko. Shida ni kwamba msimbo wetu umejaa maswali ya mtindo wa `from Mkopo m where m.hali = :hali`, bila `select`. Hibernate kwa kawaida inayapokea. Ukiwasha hiyo inayakataa. Kuyarekebisha kunachosha, ila ni kazi inayoisha.

Kinachoninyima usingizi ni `hibernate.jpa.compliance.proxy`, ambayo bosi pia anaitaka. Sasa hivi mkopo ukibeba mkopaji ambaye hajapakiwa, nikiita `getId()` ya mkopaji huyo hifadhidata haiguswi. Ukiiwasha, wito huohuo unakwenda kumsoma mkopaji mzima. Ripoti yetu ya mwisho wa mwezi inapita mkopo mmoja mmoja, na makarani wanaisubiri kaunta!

Mimi naona tuwashe ya query peke yake, nyingine zibaki kama zilivyo. Lakini pia tuna `@Formula` ya kukokotoa riba, ambayo ni nyongeza ya Hibernate na mipangilio hii haiizuii. Sasa je, kubana maswali kuna faida gani kama `@Formula` zinabaki? Kuna aliyewahi kuhama kweli kwenda EclipseLink? Ni kipi hasa kilikukwamisha?

Natanguliza shukrani.