Tupeane uzoefu: wewe unayetengeneza bidhaa za watoto, viwango vya usalama vimekugharimu nini?

Mshona midoli, Dar es Salaam

Habari zenu wakuu. Nashona midoli ya kitenge na nguo za vichanga, nauza mtandaoni, kwenye magulio na kwa maduka mawili matatu ya mjini. Naomba kila anayetengeneza kitu cha mtoto, kiwe cha kuchezea, kuvaa, kulalia au kula, aeleze viwango vya usalama vimemfikaje: umepima nini, umebadili nini kwenye kazi, na hela umetoa wapi.

Naanza mimi. Viwango sivipingi hata kidogo. Mtoto wa miezi minane kila kitu anapeleka mdomoni, na mama anayenunua mdoli wangu hana namna ya kujua nimejaza nini ndani. Kinachoniuma ni mgawanyo wa gharama. Kiwanda kinachotoa midoli laki moja kinapeleka maabara sampuli zilezile ninazotakiwa kupeleka mimi ninayetoa arobaini. Kwao ada haionekani kwenye bei, kwangu inakula faida ya mzigo mzima. Ukibadili kitambaa, unaambiwa hiyo ni bidhaa nyingine. Na kitenge mnakijua, ukirudi Kariakoo wiki ijayo ile rangi haipo tena.

Yapo mambo ambayo hayakuhitaji maabara. Macho ya plastiki nimeacha kabisa, natarizi kwa uzi. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kwa vitu vya kumkaba mtoto ni kopo dogo lenye upana wa milimita 31.7, kitu kikiingia chote humo, mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe. Jicho la mdoli linazama bila shida. Ndani naweka nyuzi mpya za poliesta, mabaki ya sakafuni siyagusi. Shingo napiga mshono mara mbili, kisha navuta kichwa kwa nguvu zangu zote kabla mdoli hajaingia kwenye mfuko.

Kuhusu ada, wenzangu wa Tanzania msikate tamaa kabla hamjafika SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Ukiwa mjasiriamali mdogo mwenye barua yao ya utambulisho, TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, inakuhudumia bila ada ya alama ya ubora kwa miaka mitatu ya mwanzo, halafu unaanza kulipa kidogo kidogo. Wengi hawalijui hili, wanaishia kuuza kwa kujificha.

Seremala, Arusha

Dada, asante kwa kufungua huu uzi. Mimi natengeneza vitanda vya watoto. Wateja wanakuja na picha kwenye simu, na picha nyingi ni za kile kitanda ambacho ubavu mmoja unashushwa na kupandishwa. Nawaambia ukweli: Marekani walipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza tangu Juni 2011, kwa sababu vyuma vikilegea ubavu unaachia, mtoto anateleza kwenye upenyo na kunasa. Watoto walikufa. Wengine wananielewa, wengine wanaenda kwa fundi wa jirani.

Kati ya fito na fito wenzetu hao hawaruhusu zaidi ya milimita 60 hivi, mwili wa kichanga usipenye kichwa kikabaki. Nimechonga kibao cha upana huo na kukitundika ukutani. Kibao kikipita na kucheza, kitanda hakitoki karakana. Vijana wangu wote wanakitumia, hata anayeanza kazi leo.

Ninapokwama ni rangi. Tunaambiwa madini ya risasi kwenye rangi yasizidi sehemu 90 kwa milioni, na mimi nakubali kabisa, risasi inaharibu ubongo wa mtoto na haina kiasi salama. Lakini rangi ya mafuta nainunua dukani ikiwa kwenye kopo! Njano, chungwa na nyekundu ndizo zinazojulikana kubeba risasi nyingi, na kopo mara nyingi halisemi lolote. Anayejua kilichomo ni mwenye kiwanda cha rangi, anayebanwa athibitishe ni fundi wa mwisho. Hapo ndipo sheria ingeanza, juu, kwenye kopo. Kwa sasa natumia rangi ambayo lebo yake inasema wazi haina risasi, ama naacha mbao na rangi yake ya asili. Bei imepanda na wateja wa bei ya chini nimewapoteza.

Mama Vibanio, Minneapolis

Hapo kwenye kopo la rangi umenena, kaka. Huku Marekani niliko, yote yalianza 2007, midoli ya makampuni makubwa iliporudishwa kwa mamilioni kwa sababu ya rangi yenye risasi. Bunge likapitisha sheria Agosti 2008: kila bidhaa ya mtoto wa miaka 12 kushuka chini ipimwe na maabara ya nje, iwe na cheti na lebo ya kuifuatilia. Kosa lilikuwa la viwanda vikubwa, lakini aliyekaribia kufunga kazi ni mama anayeshona mezani kwake. Mafundi wadogo wakaungana wakapiga kelele, wala hawakudai wasamehewe usalama, walidai sheria itambue ukubwa wa kazi yao.

Wakasikilizwa, ila si siku moja. Kwanza mbao, pamba, sufu na vitambaa vingi vikatambuliwa kuwa kwa asili yake havina risasi, havihitaji kupimwa. Agosti 2011 sheria ikarekebishwa: anayetengeneza bidhaa ya aina moja isiyozidi vipande 7,500 kwa mwaka, na mauzo yake yote hayazidi dola milioni moja, kiwango kinachopandishwa kufuata mfumuko wa bei, anajisajili bure na kusamehewe baadhi ya vipimo vya maabara ya nje. Si vyote. Rangi, vitanda, chuchu za kunyonya na vipande vidogo havina msamaha kwa yeyote, na viwango vyenyewe unabaki navyo.

Mimi nashona vibanio vya nywele na mabegi ya watoto. Kilichoniokoa ni kupunguza aina za vifaa. Kitambaa pamba tupu, uzi wa aina moja, kibanio cha chuma kutoka kwa msambazaji anayenipa cheti cha maabara. Rangi za kitambaa zinabadilika, vifaa vingine havibadiliki. Dada mshona midoli, jaribu hivyo.

Unga wa lishe, Morogoro

Naomba na chakula kiingie hapa. Uji wa mtoto wa miezi sita nao ni bidhaa ya mtoto.

Kwangu maabara haikuwa tatizo, jengo ndilo lilikuwa mlima. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamia TBS, wanakagua kwanza mahali unapofanyia kazi: nafaka mbichi isikae na unga uliokwisha fungashwa, kuta zisafishike, panya wasipate njia. Nyumba ya kupanga haikubaliani na hayo. Tulichanga akina mama kwenye kikundi tukapangisha chumba, tukakigawa.

Sumukuvu sitaki mtu aniombee msamaha nayo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye kuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni kwa aina zote za sumukuvu ya aflatoksini kwa jumla, na 5 kwa aina iliyo kali zaidi, B1. Karanga ndizo zinazonitia hofu, tunazichambua kwa mkono moja moja, iliyosinyaa au yenye doa inatupwa. Afisa mmoja wakati fulani alituzungusha kwa makaratasi mpaka mteja wa jumla akatuacha, hilo limeniuma mpaka leo. Kipimo chenyewe sikilaumu.

Magari ya mbao, Nairobi

Hapa supamaketi haikusikizi bila alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Na hata ukiwa nayo, mteja mjanja anatuma namba ya kibali kwa ujumbe wa simu kwenda 20023 kuhakikisha. Hiyo naipenda, maana stika bandia zimejaa sokoni. Lakini pita barabarani uone: midoli ya plastiki ya bei ya chini, haina jina la aliyetengeneza, inauzwa mchana kweupe. Mimi mwenye anwani ndiye ninayekaguliwa. Wakaze mkono kule mizigo inakoingilia, wasimalizie kwa fundi wa jua kali pekee.

Mshona midoli, Dar es Salaam

Mama Vibanio, la kupunguza vifaa nimelichukua. Nitabaki na kitenge cha pamba tupu na muuzaji mmoja atakayeniandikia risiti yenye aina ya kitambaa. Kaka wa Arusha, tukiwa wengi tunaweza kuwaandikia wenye viwanda vya rangi tukidai cheti. Mimi nimo.

Mfuma sweta, Tanga

Samahanini, mimi mgeni. Nafuma sweta za watoto zenye kofia, na kamba ya kufungia shingoni. Hiyo nayo ina neno?

Mama Vibanio, Minneapolis

Karibu mdogo wangu. Itoe hiyo kamba. Hunasa kwenye bembea na kwenye mlango wa gari, na huku nguo ya mtoto mdogo yenye kamba ya kofia au shingoni huondolewa sokoni. Weka vifungo vya kubonyeza, ila kila kimoja ukivute sana kabla hujauza.